Pua ya Longinus imerudi

Yusta, acha kufua usome hii!

Si unajua Longinus ameacha sigara? Kikohozi kimekwisha, na harufu anazisikia tena. Heri asingezisikia!

Leo Kezia kampeleka mumewe huyo kijijini Kitahana, kwa mama yake. Mama kawapikia dagaa kwa mawese. Longinus kanusa, kasukuma sahani: "Mama, mawese yananuka. Kumbe miaka yote mlikuwa mnanilisha uchafu huu?"

UCHAFU! Anamwambia mama mkwe!

Kezia alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama hata sauti hakupandisha. Kaondoa sahani taratibu, kasema:

"Mkwe, nilifunga na kuomba uache sigara. Hiyo pua nimekuombea mimi. Sasa ipeleke kwa mama yako, ikapikiwe huko."