Maneno ya Daktari Niliyoyameza

Kasongo, tarehe 9 Machi 2025

Mpendwa Mama Mudogo Aurélie,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata padri. Siku Mama alipochomwa sindano, mimi ndiye niliyemfasiria Kifaransa cha daktari, na kuna maneno niliyameza.

Unisamehe, nimeyatanguliza hayo kabla ya salamu. Hujambo huko Liège? Ile baridi imekuachilia? Sisi tuko, mvua inanyesha, mihogo imekubali. Lakini kaka Serge ni mgonjwa. Ameshikwa na mpox huko Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Vipele vimemjaa mpaka mdomoni, hawezi kula. Kesho asubuhi Mama anapanda pikipiki kwenda kumwuguza.

Nikuelezee. Mwaka jana walifika watu wa kujaribu chanjo mpya ya mpox. Daktari Antoine ni wa Kinshasa, yeye ni Kilingala na Kifaransa tu. Mkalimani wao aliharibikiwa na gari njiani, basi Mama akanisukuma mbele ya watu: "Laetitia, masomo yote ile ni ya nini? Sema!" Unanijua, Mama Mudogo. Mbele ya watu nakata maneno nimalize upesi.

Daktari alisema nusu ya watu watapata chanjo yenyewe, nusu watapata maji ya chumvi tu, na hakuna atakayejua nani amepata nini, hata yeye. Kazi ikiisha, kila mutu ataambiwa. Nilipofika kwenye neno la maji, Mama alikuwa amekwisha kukunja mkono wa blauzi, anacheka. Niliogopa watasema nafasiri vibaya. Nikasema tu: "Anasema mtachanjwa." Nikajiambia, si mwisho watajua?

Mwisho haukufika. Mwezi uliopita Daktari Antoine alikuja kwetu, akakaa bila kugusa bugali. Alisema feza ya kazi ile ilitoka nchi ya mbali, na wakubwa wa kule wameisimamisha. Nikamwuliza kwa Kifaransa, polepole: na wale waliopata maji? Akasema majibu yamefungwa huko, na waliokuwa na ufunguo wameachishwa kazi pia. Kesho yake walipakia friji, jenereta na chupa za damu yetu. Hakuna aliyewasindikiza hata mpaka barabarani, na unajua kwetu mgeni haendi hivyo.

Mpaka leo akili yangu haijarudi. Mimi nilifikiri dawa ikianza kutafutwa, inatafutwa mpaka ionekane, kama mutoto aliyepotea porini. Nani anasema, "Turudi nyumbani, feza imekwisha"? Kumbe mutu ambaye hajawahi kuona mto wetu Lualaba anaweza kusema basi, na mkono wa Mama ukabaki hivyo, hatujui ndani mna nini.

Jana jirani yetu Mama Waridi alimkanya: "Usimuguse Serge na mikono mitupu." Mama akajipiga begani: "Mimi niko chuma sasa! Mpox ikiniona itakimbia."

"Chuma na yenyewe inashika kutu, weye."

Walicheka wote wawili. Mimi nilitoka nje.

Wewe uko karibu na wenye feza kuliko sisi. Ukiweza, uwaulize: mama ya Serge, wa Kasongo, alipata chanjo au alipata maji? Najua hawatajibu kabla ya kesho. Lakini uwaulize.

Barua hii nilianza kuiandika kwa Kifaransa, ili Mama asiweze kuisoma. Nikaipasua. Hii ni Kiswahili, lakini kila akipita naifunika na kitabu cha hesabu.

Umsalimie Baba Mudogo Bruno na watoto. Baba yetu, pamoja na Mama Waridi, wanakusalimu sana. Mungu akufunike huko kwenye baridi, amwinue Serge, na Mama asinichukie.

Nasikia ndala zake uani. Anaita: "Laetitia, ile begi uliiweka wapi? Niko nafunga vitu." Sasa yuko mlangoni. Kitabu nimekiweka chini. Nikimaliza jina langu namgeuzia karatasi asome.

Wako akupendaye,
Laetitia