Helmeti Kutoka Sharjah

Kisauni, 4 Februari 2024

Kakangu Sufyan,

Assalaam aleikum. Wazima huko Sharjah? Sisi tu wazima. Presha ya Baba imetulia, nami naendelea na kazi ya kufundisha, alhamdulillahi.

Kaka, nina haja. Wajua mimi na Quinter, mwalimu mwenzangu, Jumamosi huendesha kigari chetu kwenye kiwanja cha mbio nyuma ya Kiembeni. Ni kujifurahisha tu, gari moja moja. Juzi msimamizi, Bwana Chrispine, alinizuia kwa kuwa helmeti yangu ni ya pikipiki. "Ndani ya gari utagonga vyuma si mara moja," akaniambia, "na moto ukizuka, kitambaa hiki cha ndani kitakuyeyukia usoni."

Huku za magari naona kuukuu tu, na kuukuu sitaki. Helmeti iliyopata pigo huenda imevunjika ndani na kwa nje huoni kitu. Nitafutie mpya. Kibandiko cha ndani kiwe na herufi SA. Ukiona M, ni ya pikipiki. Kichwa changu ni sentimita hamsini na nane, nimepima juu kidogo ya nyusi, nikiwa na ushungi mwepesi. Tafadhali usichague kwa kutazama rangi.

Dadako,
Ibtihal

Sharjah, 10 Machi 2024

Dadangu Ibtihal,

Waaleikum salaam. Sijambo, ila kazi zimenielemea na mfungo waanza kesho.

Nimeipata. Muuzaji alinishikilia nichukue moja iliyochorwa ndimi za moto, rahisi mno. Nikatazama ndani, M. Nikamrudishia. Yako ni nyeupe, haina pambo lolote. Munga, ninayefanya naye kazi, yuaja nyumbani na ataifikisha.

Nimemwambia Baba. Usinikasirikie, siwezi kumficha mzee kitu kinachoingia nyumbani mwake.

Kakako,
Sufyan

Kisauni, 18 Aprili 2024

Kakangu,

Salamu nyingi, na Idi uliyoila peke yako iwe ya baraka.

Helmeti ilifika, ikaangukia mikononi mwa Baba. Siku ya pili ya Idi alikuja Shangazi Mahfoudha na mwanawe Hamdun, na Baba akamvika Hamdun mbele yetu sote. Amempa na gari lake la zamani. "Mwanamke wa nyumba hii hatazunguka kama pia mbele ya wanaume," akasema. "Anayetaka mbio ni huyu."

Nikamwambia, "Baba, nimepimiwa mimi. Kichwa cha Hamdun ni kidogo."

"Kichwa ni kichwa."

Nikamwambia Hamdun ageuke haraka. Akageuka, uso ukatazama mlangoni, helmeti ikabaki inatazama ukutani. Wote wakacheka. Sasa ameijaza vipande vya godoro.

Kaka, mimi hanisikii. Mwandikie wewe neno moja tu, kwamba haimtoshi.

Dadako,
Ibtihal

Sharjah, 2 Mei 2024

Dadangu,

U hali gani? Mimi nashukuru Mungu.

Sikumwandikia. Tusimpandishe mzee presha kwa ajili ya kofia. Hamdun amekua bila baba, mwache naye afurahi. Nitakununulia nyingine.

Kakako,
Sufyan

Kisauni, 30 Juni 2024

Kakangu,

Leo nisamehe, sina salamu ndefu. Hamdun amepinduka.

Bwana Chrispine alitazama kibandiko, akaona SA, akampitisha, godoro hakuliona. Kwenye kona ya pili gari liliteleza, likageuka juu chini. Mimi na Quinter tulifika wa kwanza. Helmeti ilikuwa imerudi kisogoni, ukanda umemkaba koo, na paji la uso limegonga chuma. Yu hai. Lakini hasemi, na mkono wa kulia haumtii.

Watu waja kumtazama mgonjwa, na Baba awaambia, "Helmeti yenyewe aliichagua Ibtihal." Wallahi, hasemi uongo, na hilo ndilo linalonichoma. Shangazi haniitikii salamu. Wewe wajua ilikuwa ya nani. Sema.

Dadako,
Ibtihal

Sharjah, 21 Julai 2024

Dadangu,

Natumai umepata nafuu ya moyo.

Nimezungumza na Baba. Alilia kwenye simu. Sijapata kumsikia Baba akilia, nikashindwa kumwongezea uchungu. Wewe bado kijana, una nguvu. Libebe kidogo, watu husahau. Hamdun namwombea kila swala.

Kakako,
Sufyan

Bombolulu, 11 Agosti 2024

Kaka Sufyan,

Natumai u mzima. Mimi nimehama nyumbani. Nimepanga chumba huku pamoja na Quinter.

Kabla ya kuhama nilikwenda kwa Shangazi. Nilimkuta akimkanda Hamdun mkono. Nikamweleza yote. Hakushtuka.

"Najua, mwanangu," akasema. "Nilikuwapo siku ya Idi. Nami nilicheka." Akaendelea kukanda. "Lakini babako ndiye ampelekaye Hamdun hospitali, ndiye anayetuweka kwenye nyumba hii. Nikimlaumu yeye, nitabaki na nani? Nilikulaumu wewe kwa sababu wewe huna la kunifanya."

Nikamsaidia kumgeuza Hamdun ubavu. Alinitazama, sijui kama alinijua. Nilipokuwa mlangoni Shangazi aliniomba nisije siku ambazo Baba yupo.

Baba hajauliza niko wapi. Akikuuliza, nyamaza. Kunyamaza wakuweza.

Dadako,
Ibtihal