Suti ya Jemadari

4 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimejiapiza kukuandikia kila kitu, hata yale ambayo Mama angeniambia niyaruke. Sisi hatujambo. Kifua chako kinaendeleaje?

Jemadari alikuja dukani mwenyewe. Walinzi walijaa mlangoni mpaka Mama akakosa mwanga wa kutunga uzi. Mama amemshonea magwanda tangu akiwa kapteni, lakini sasa ni mkuu wa nchi na anataka suti ya kiraia. Mama alimpima, mimi nikaandika vipimo.

"Shemeji, mwaka ukiisha nawakabidhi raia nchi yao, naenda kulima," alisema. Kisha akanigeukia. "Baba yako bado amenuna?"

"Bado ana funguo zako za ghala la silaha, afande."

Alicheka, Baba, ingawa ulikimbia nchi kwa sababu ulikataa kumpa funguo hizo siku ile alipopindua serikali. Akasema, "Nikiondoka mimi, naye arudi."

Mama anaamini. Nami pia.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kimetulia. Asubuhi nafundisha hesabu, jioni napakia saruji.

Usimchukie. Tulipokuwa makuruta niliugua, akanifulia nguo wiki nzima. Vitani hakuacha majeruhi hata mmoja nyuma. Ila akikalia kiti, hainuki. Alipokuwa koplo alipewa kusimamia jiko kwa wiki moja. Tulikunywa uji wake miaka miwili.

Msinitandikie kitanda bado.

Baba yako

19 Agosti

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, sikujua niandikeje.

Jemadari alikuja kujaribu suti. Ilimkaa vizuri. Akaagiza nyingine tano. "Na ndani ya mshono niachie kitambaa cha kutosha, shemeji. Nitanenepa."

"Utanenepa vipi nawe unakwenda kulima?" Mama akamuuliza.

Akaangalia saa yake, akaondoka.

Mama alizishona zote, na kitambaa akaacha, maana kazi ni kazi. Jana aliuza cherehani kubwa. Tunakuja huko, Baba, Jumamosi ijayo, kwa lori la dereva huyu anayekuletea barua. Tumewaambia watu tunakwenda kumuuguza shangazi.

Muhula huu nimeongoza darasa. Je, shule ya huko itanipokea kidato cha pili bila barua ya uhamisho, au nimwombe mwalimu mkuu, ingawa atajua tunahama? Mpe dereva jibu lako, anarudi Alhamisi.

Mwanao