Nasra Aliulizwa Mara Moja

Jumamosi. Mvua ya vuli inanyesha tangu asubuhi, maji yashaingia mpaka ukumbini, na mimi nimekaa tu nayatazama.

Ulikuwa wapi wewe? Mara ya mwisho ulipita hapa kabla ya Ramadhani, ukasoma habari za goti langu, ukaenda zako bila hata salamu. Nnajua, maana nimeonyeshwa kwenye ukurasa huu pahala panapohesabu wanaopita kusoma. Kaa kitako. Leo goti nimeliacha, nna jambo jengine.

Kwa asiyenijua: mimi skuli sikukaa hata siku moja. Nnasema, simu inaandika, na mjukuu wangu Nasra anayasawazisha. Leo yeye yuko Mwanakwerekwe kwa shoga yake aliyesoma naye, hakuna wa kusawazisha. Na afadhali, maana habari yenyewe ni yake.

Nasra aliitwa usaili kwenye kampuni ya ushauri, ofisi zao ziko Mazizini. Mwanzo sikufahamu hiyo ni kazi gani. Akanieleza kuwa wenye mahoteli na wakubwa wa serikali wakikwama na mambo yao huwaita watu hawa, nao huja kuangalia, wakawaambia wafanye nini, wakalipwa. Nikamwambia kazi hiyo mimi nimeufanyia mtaa huu wote miaka arubaini na sijapewa hata chai. Alicheka sana. Siku nyingi sikuwa nimemsikia anacheka.

Maana kazi yake ya Uroa, pamoja na kina mama wanaolima mwani, ilikwisha tangu masika. Tangu hapo yuko nyumbani, anafua visivyo vichafu. Na shangazi yake wa Maskati anapiga simu kila Ijumaa, anamtaka aende akamlelee watoto. Mtoto ana digrii. Akiulizwa anajibu inshaallah, na inshaallah ya Nasra huwezi kujua ina nini ndani.

Basi Jumatatu nilimtengeneza mwenyewe. Nililifukiza baibui lake udi. Nikamkalisha kitandani nikamfunza: asikae kabla hajaambiwa akae, asimtumbulie mtu macho, asijisifu. Nikamwambia, wale watu wazima, wataona wenyewe.

Alirudi adhuhuri uso umekunjuka, akanihadithia yote. Walimuuliza watu wawili, mwanamme mmoja na mwanamke mmoja, Bi Rahma, mtoto wa Kikwajuni, wa hapa hapa mjini kwetu. Wakataka kujua nani aliyewafanya kina mama wa Uroa wauze mwani wao pamoja. Akajibu, "Tulishirikiana." Wallahi si kweli. Wale kina mama waliniambia wao wenyewe. Ni yeye aliyekwenda kila wiki, akakaa nao mchangani, akawatafutia mnunuzi, akawapatanisha walipogombana. Lakini mbele ya watu ni tulishirikiana.

Mwisho wakamwambia kuna kazi Kizimkazi, wenye mashua za kuwapeleka wageni kuangalia pomboo hawaelewani, na kampuni inataka mtu wa kuwaongoza wenzake wanne. Je, angependa kuiongoza yeye?

Akawajibu, "Apewe anayejua zaidi yangu, mimi nitamsaidia."

Nikambusu. Nikamwambia hivyo ndivyo mtoto aliyelelewa anavyojibu.

Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu huu.

Kwetu mtu hakubali kwa neno la kwanza. Ukikaribishwa chakula unasema ahsante, nshakula, na tumbo linakulilia. Mwenye nyumba anakuvuta, unakataa. Anakuvuta tena, ndipo unapokwenda kunawa. Mimi nilipoulizwa kama namtaka marehemu babu yake Nasra nilinyamaza kimya, na nilikuwa nnamtaka mpaka usingizi umenipotea. Wakauliza mpaka wakatosheka. Hakuna aliyeniambia haya basi, tutamwoa mwengine.

Alhamisi barua ikaja kwenye simu yake. Akaisoma kimoyomoyo, akailaza simu kifudifudi, akaenda kwenye karo kuosha vyombo.

"Wamesemaje?"

"Wamenishukuru, bibi."

Hakulia. Ningependa alie, ningejua la kufanya.

Jana asubuhi nikavaa baibui langu, nikamwambia nnakwenda kumjulia hali mgonjwa, nikaenda Mazizini. Mlangoni mlinzi akanipa shikamoo, akaniuliza kama nna miadi.

"Marahaba. Sina miadi, nna mjukuu."

Akacheka, akanipa kiti chake, akapiga simu juu. Bi Rahma akashuka mwenyewe, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikasema huyu ana adabu, jambo litatengenea. Nikamuuliza mtoto wangu amekosa nini.

"Hakukosa kitu, bibi. Katika wote waliokuja yeye ndiye wa kwanza. Lakini tulimuuliza kama anaitaka, akasema apewe mwengine. Tukampa mwengine."

"Na wewe mtoto wa Kikwajuni hukujua maana yake?"

Akatazama chini. "Nilijua, bibi. Lakini kazini hatulazimishani."

"Basi muulize tena."

"Aliyepata keshasaini."

Umri wangu wote, jambo la mtoto likiharibika, nnakwenda kwa mama wa yule mtu, nnakaa kwenye jamvi lake, nnasema mpaka linatengenea. Pale hakuna jamvi. Kuna mlinzi mwenye adabu na mwanamke mwenye adabu, na wote wawili hawawezi kitu, na mimi hata wa kumgombeza sina.

Mvua ikaanza. Bi Rahma akaniambia atanitolea gari inirejeshe mjini. Nikamwambia ahsante mwanangu, usijisumbue, nitakwenda mwenyewe. Akasema, "Haya bibi, uende salama," akapanda ngazi.

Nikabaki pale mlangoni nimesimama. Nilikaa hivyo kitambo kizima, mlinzi ananitazama, ndipo nilipofahamu kuwa nnangoja aniambie mara ya pili.

Nikarudi nimerowa. Nasra akanivua baibui, akanikausha nywele, asiniulize mgonjwa ni nani. Nikamuuliza mimi:

"Unataka kwenda Maskati?"

"Upendavyo wewe, bibi."

"Sikukuuliza nnavyopenda mimi."

"Kokote ni kheri."

Nikauliza tena, nikauliza tena. Nikamwambia sema hutaki, nipigie kelele, niambie nimekuharibia. Akaniambia chai itapoa. Shangazi yake anataka jibu Ijumaa ijayo, ndiyo siku ya kukata tiketi. Nasra hatasema ndiyo wala hatasema hapana, na huko kunyamaza kutahesabiwa ndiyo, na atapanda ndege.

Nimemlea tangu ana miezi saba. Nnajua anavyokohoa, nnajua anavyofunga mlango akiwa amekasirika. Lakini anataka nini, sijui. Kila nilipoona anachokitaka kinakuja kumtoka mdomoni nilimwambia mtoto wa kike hasemi hivyo, na alikuwa msikivu.

Sasa nnataka kumfungua na sijui fundo liko wapi, na mimi ndiye niliyelifunga.

Akirudi leo atayasoma haya. Na ayasome. Uso kwa uso sikuweza kumwambia kuwa nilikwenda Mazizini, wala kuwa alinyimwa kwa kunitii mimi. Nikimsikia mlangoni ntaingia jikoni, nimwachie simu hapa juu ya meza.

Na wewe ukija tena, usingoje mwaka. Njoo kabla ya Ijumaa, baada ya laasiri, Nasra akiwepo. Ntakukaribisha chai na mkate wa ufuta. Usiniambie nshakunywa. Sema nataka, neno la kwanza tu, kwa sauti, yeye anasikia. Na ukimaliza, omba kipande cha pili.