Ng'ombe Asiyejua Kula Amefungwa

Elburgon

Kwako Baba,

Nauliza maji kabla ya kuuliza afya, maana siku hizi naona ni swali moja. Bwawa limebakisha chochote? Gogo, bibi yetu, anakula? Mimi ni mzima, ila nimechoka, uchovu ambao hauishi hata nikilala.

Ng'ombe wetu Madoa alifika salama kwenye lori la mbao lililokuwa likirudi tupu. Mama Wambui, mwenye nyumba wangu, alimpa nafasi karibu na ng'ombe wake wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi, akamjazia majani ya nepia kwenye kihori. Hakula. Kesho yake pia hakula. Nilidhani ni baridi ya huku, nikamfunika gunia.

"Mwalimu, ng'ombe wenu anaringa," Mama Wambui akacheka. "Na njaa yote hiyo?"

Nilimtazama amesimama, mbavu nje, chakula mbele ya pua, ndipo nikaelewa. Tangu azaliwe hajawahi kufungwa. Anajua kula akitembea, na mtu nyuma yake. Nikamfungua, nikampeleka kando ya barabara ya msituni nikiwa bado na sketi ya shule, nikipiga mluzi wako. Akainamisha kichwa, akala. Wanafunzi wangu wakapita.

"Ticha, siku hizi ni kuchunga?"

"Nilianza kabla hamjazaliwa," nikawajibu.

Sasa kila jioni natembea naye, halafu narudi kusahihisha madaftari nikisinzia.

Kaka Kiprono ameniambia kwenye simu kwamba unataka kuwaleta wote waliobaki, na kwamba wengine mnawainua kwa mkia asubuhi. Baba, siwezi. Mama Wambui amekubali mmoja tu zaidi, na mimi pia nguvu zangu zinaishia hapo. Wanaosimama wenyewe wapelekwe sokoni wiki hii, wawe mahindi. Hakuna mnunuzi atakayemgusa ng'ombe wa kuinuliwa.

Najua ninachokuomba. Nimesikia kwamba siku ya kumpakia Madoa ulitoka, ukarudi lori likiwa limeshaondoka. Kwa hiyo sikuambii uchague wa kuletwa huku.

Msalimie Gogo, na kitinda mimba wetu Chebet, na Kiprono anayeshinda kisimani. Mama usimsalimie tu, mwulize ni yupi aje. Yeye ndiye huwakamua, na yeye ndiye huona kikombe cha nani kimebaki kitupu.

Ni mimi binti yako,
Jerop