Ile Nyekundu na Ile ya Kijivu

Papa Kabedi, mume wangu,

Jana alikuja mwanamke mmoja kulijaribu gari letu. Nilimpigia mwanetu Kabedi simu huko Ubelgiji nimsimulie, akanisikiliza kwa upole kama kawaida yake, kisha akauliza kama limeuzwa. Mtoto wetu hana kosa. Lakini nilipokata simu niliona bado nina maneno mengi, na mtu wa kuyaelewa ni wewe tu. Basi nakuandikia.

Unaikumbuka siku tuliyotoka kwa daktari wa macho? Mtu aliyeuza dawa maisha yake yote hahitaji kufafanuliwa presha ya macho ni nini. Daktari alisema jicho la kulia limekwisha, la kushoto limebaki na kidirisha kidogo, na kwamba usishike tena usukani. Mimi ndiye niliyeendesha ile pikapu yetu ya kubebea makatoni ya dawa kurudi nyumbani. Tukaingia Kamalondo, mtaani kwetu. Hapo ukageuka, ukaniambia, "Mama Kabedi, sasa tununue ile mutuka."

Nilidhani ugonjwa umekupanda kichwani. Nilijua ni gari lipi unalosema, kwa sababu lilikuwa likilala nasi chumbani. Kando ya kitanda ulikuwa na rundo la magazeti ya Kifaransa ya magari, na usiku wa mvua ulinisomea sifa za sedani za milango minne zinazokimbia kama za mashindano: hii ina nguvu zaidi, ile inashika kona vizuri zaidi. Ulisema utanunua moja watoto wakimaliza masomo. Watoto walimaliza, na macho nayo yakamaliza.

Nikakuuliza nani ataiendesha. Ukajibu kwamba dereva ni mimi, wewe utakaa pembeni. Mimi, niliyezoea kwenda na pikapu sokoni na kanisani, gia ya tatu ikinitosha.

Tulikwenda Jumamosi, baada ya mvua za kwanza kuosha lile vumbi jekundu kwenye majani. Ulivaa koti la harusi ya Kabedi. Wauza magari wawili wenye sedani ulizozitaka walikuwa njia moja, ile ya kwenda Luano, mmoja akiwa na ya Kijapani, nyekundu, mwingine na ya Kijerumani, ya kijivu. Kwa yule wa kwanza, muuzaji alikupa wewe ufunguo. Ukaupokea, ukaniwekea kiganjani.

"Ongea na bibi yangu," ulimwambia. "Ye njo shofere."

Akacheka, akifikiri unatania kwamba dereva ni mimi. Alipoona nimeketi kwenye usukani na wewe umezunguka gari ukipapasa boneti kutafuta mlango, akaacha kucheka, akaingia nyuma.

Ile nyekundu ilinguruma hata kabla hatujatoka getini. Usukani ulikuwa mzito, lakini ulinitii. Kila shimo la barabara lilinifikia mgongoni. Ulipoona njia imenyooka, au tuseme ulipoisikia imenyooka, uliweka kiganja juu ya dashibodi, ukafumba macho.

"Kanyaga, mama. Usiogope."

Nikakanyaga. Kichwa kikanirudi nyuma, nikaita jina la Yesu, na muuzaji akashika kiti changu kwa mikono miwili. Na wewe ukacheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu tulipoanza safari za hospitali, na kwa ajili yake ningekanyaga mpaka mpakani.

Ile ya kijivu ilikuwa kitu kingine. Milango yake ilifungika kwa sauti ndogo, kama mtu anayefunga Biblia. Niliendesha kwa utulivu nikiona tunatembea tu, kumbe tulikuwa tukiwapita wenye baiskeli za kubebea makaa kana kwamba wamesimama. Kona ilizikata bila kuyumba, mashimo iliyameza. Uliinama, ukatega sikio, ukauliza kama kweli injini imewaka.

Tulibishana hadi mezani. Unakumbuka tulikula bukari na samaki pale karibu na posta, ugali ukapoa tukibishana? Ulisema ile nyekundu ina uhai, injini inazungumza na mtu, breki zinashika mara moja, na magurudumu ya nyuma yanakusukuma mgongoni kama mkono. Ile ya kijivu, ulisema, ni kama kukaa katika ofisi ya benki. Mimi sikuwa na hoja za magazeti. Nilisema tu kwamba katika ile nyekundu nililazimika kupiga kelele ili unisikie, na mimi nataka tukiwa njiani tuzungumze.

Ulitoa miiba ya samaki taratibu, kwa vidole, kama ulivyokuwa umeanza kufanya. Kisha ukasema, "Basi. Tukamate ya kijivu."

Nilishangaa. Wewe, mtoto wa Kasai, ulishindwa ubishi lini kirahisi hivyo? Nilijiambia umenihurumia kwa woga wangu.

Kabla ya kwenda kulipia ulitaka turudi kwanza kwa yule wa nyekundu. Nyuma ya ofisi yake palikuwa na uwanja mtupu, ardhi tupu mpaka ukutani. Ukamwomba uendeshe mara moja tu. Alinitazama mimi. Nami nikakutazama wewe, katika koti lile, kisha nikamwambia akuache. Ukaenda polepole kama mtu anayetembea, ukageuza, ukaongeza kidogo, injini ikaimba. Ulisimamisha mbali sana na ukuta. Mtu anayeona angesogea zaidi. Ulibaki ndani kitambo, mikono juu ya usukani. Ulipotoka ulitafuta ardhi kwa mguu kwanza, ukaja kwangu.

"Imetosha," ulisema.

Hatukumwambia mtu yeyote jambo hilo, hata watoto.

Halafu zikaja zile safari zetu katika ile ya kijivu. Jumamosi tulikwenda Kasenga kununua samaki, buti la gari likanuka wiki nzima. Jumapili nyingine Kipushi kwa binamu yako. Kidirisha cha jicho kikaendelea kujifunga mpaka ikabaki nuru tu, kisha hata nuru ikaondoka. Ulikuwa ukiniuliza, "Unaona nini?" Nami nikawa nakueleza: mbuzi wamelala barabarani, wanawake wameanika mihogo, lori la madini limekwama, dereva amelala chini yake kwenye kivuli. Ulikuwa unajua ninapoongeza chumvi. Uliniambia mbuzi hao ni wengi mno.

Na asubuhi ile moyo wako ukasimama dukani, ukiwa umeketi nyuma ya kaunta ukimsubiri mteja afungue pochi. Walinipigia simu nikiwa nafua mashuka.

Watu walijaa uani, wakaimba, wakalala kwenye mikeka, wakarudi kwao. Nyumba ikawa kubwa. Redio naiwasha ili pawe na mtu anayesema. Kazi ngumu kuliko zote ni kutembea mjini, Papa Kabedi, kwa sababu hakuna anayeniuliza ninaona nini. Naona tu, nakaa nayo. Juzi maua ya jacaranda yalikuwa yamefunika njia yote ya kwenda kanisani, zambarau tupu, nikafungua mdomo nikaufunga.

Gari nililifunika turubai. Kila Jumamosi nililiwasha ili betri isife, nikazima. Kuliendesha sikuweza. Kabedi akasema bora niliuze, maana linaoza bure, na ni kweli.

Huyo mwanamke wa jana ni injinia, anafanya kazi mgodini Kipushi. Asubuhi alikuwa ameijaribu sedani nyekundu ya Kijapani, kama ile tuliyoijaribu sisi, akataka kulinganisha. Aliniomba tuendeshe kidogo. Kiti cha nyuma alikijaza mafaili na kofia yake ya mgodini. Nikazunguka, nikafungua mlango wako, nikaketi. Miaka yote hiyo sikuwahi kuketi pale.

Tukashika njia ya Kasenga. Nikagundua kwamba kutoka kwenye kiti chako mwendo hausikiki. Anayesikika ni dereva. Nilimsikia akimeza mate kabla ya kulipita lori. Nilisikia pumzi yake ikikatika mtu alipovuka ghafla, ikirudi. Alianza kuimba puani, wimbo wa kanisa, bila kujua anaimba. Mwanamke nisiyemjua, na kwa nusu saa nilimjua kama dada.

Hapo nikaelewa. Hukunihurumia siku ile mezani. Ulijua giza linakuja, ukachagua utakachobaki nacho. Katika ile nyekundu ungebaki na injini, si na mimi.

Na nikaelewa jambo jingine. Mwaka wa mwisho, ulipokuwa umekonda, nilikuwa nikilia njiani. Nilifuta machozi kwa mkono wa kushoto, nikaendelea kukusimulia mbuzi na mihogo kwa sauti ya furaha, nikijisifu kwamba sijakushtua. Wewe ulikuwa umekaa pale pale, nusu mita kutoka kwangu, katika gari lisilo na kelele. Ulisikia kila kitu. Ukawa unaniuliza tu kama mto Luapula umejaa.

Tuliporudi nyumbani alisimamisha gari nje ya geti, akazima injini.

"Mama, mutuka yenu iko muzuri sana," alisema. "Lakini mi nitakamata ile nyekundu. Napenda kusikia motere."

Nikamwambia amechagua vizuri, hata mume wangu angechukua ile, kwa mlio wa injini yake. Akauliza wewe unafanya kazi wapi. Nilipomwambia hupo tena, alinishika mikono yote miwili. Akachukua mafaili yake, akaita teksi.

Kwa hiyo halijauzwa, na nimemwambia Kabedi asitafute mnunuzi mwingine.

Alipoondoka, gari lilikuwa bado barabarani, na hapakuwa na mtu wa kuliingiza uani ila mimi. Nilihamia kwenye usukani. Nikafunga mlango, nikawasha, ukimya wake ukanizunguka. Nikanyoosha mkono kwenye kiti chako kama nilivyokuwa nikifanya tukifika, kukuambia tumefika. Kilikuwa na joto.

Nilijua ni joto langu. Lakini sikuondoa mkono mpaka kilipopoa.

Pumzika, mume wangu. Mimi bado nipo, nasikiliza.

Mkeo na shofere wako,
Mama Kabedi