Awamu Kumi na Mbili

Jumanne

Na mimi miezi yote hii nimeificha ile barua ya malimbikizo ya kodi ya mapato, kumbe Mama Rukia, mke wangu, alishaisoma zamani. Leo amenipeleka mwenyewe ofisi ya kodi, kama mtoto anayekwenda kutahiriwa.

Afisa, binti mpole, alinipa shikamoo, kisha akauliza, "Mzee, utamaliza kwa awamu ngapi?"

"Mbili," nikajibu, kifua mbele.

Mke wangu akacheka. "Mwanangu, huyu hata vocha ya simu ananiomba mimi. Andika kumi na mbili."

Nikatia saini. Duka langu la Makorora halitafungwa, ingawa miezi ya biashara mbaya inanitisha.

Tulipotoka alinishika mkono, jambo ambalo hatujalifanya barabarani tangu... sikumbuki.

"Ukiwa na siri nyingine," akasema, "niambie kabla serikali haijaniambia."